Babu wa Kijani, Babu Mwekundu

Babu yangu alianza kugeuka kijani baada ya kufariki. Alipokuwa hai hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa mzee wa rangi ya kawaida, kahawia iliyokolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na tulimzika akiwa vivyo hivyo. Kilichogeuka ni picha yake ya sebuleni kwa Bibi, hapa Kilosa. Kwanza lilipauka paji la uso. Kisha mashavu yakaingiwa na ukijani wa mbali, ule wa ukuta wa bafu lisilopata jua. Mpaka naingia kidato cha tatu, Babu alikuwa kinyonga aliyevaa kofia.

Nilimwambia Bibi hivyo hivyo, kinyonga aliyevaa kofia. Angekuwa mtu mzima mwingine ningechapwa kandambili. Lakini mimi na Bibi tuna utani, na si utani wa kubahatisha. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, habari imeisha. Babu alikuwa akiniita mke wangu mdogo na kuniuliza mbele za watu kwa nini sijampikia. Bibi ananiita mke mwenzangu, anadai nimekuja kumnyang'anya mume wakati hata kuchuja nazi sijui. Na mke mwenza hachapwi, anajibiwa.

"Kinyonga na akili zako," Bibi akajibu. "Mume wetu amepauka kwa mawazo tu. Anakuona unavyofeli hesabu."

Ila nilimwona anakifuta kioo cha fremu kwa ncha ya kanga. Akafuta tena, kana kwamba uchafu uko upande wa nje.

Picha hiyo ina pacha wake, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Babu alikuwa fundi wa njia ya reli, kwenye lile tawi linalotoka Kilosa kupita Mikumi kwenda Kidatu. Kazi ilimpa vituo viwili vya kulala, na yeye, mtu asiyependa kulala pabaya, akaweka mke kila kituo. Bi Mkubwa, mama yake Mama, yuko Kilosa. Bi Mdogo yuko Mikumi, ana mgahawa kando ya barabara kuu, mbele ya maegesho ya malori. Babu alipofariki akazikwa Kilosa. Bi Mdogo alitaka azikwe Mikumi. Hakupiga kelele, alirudi kwake tu, na tangu siku hiyo wake wenza hao wawili wakawa wanasalimiana kupitia mimi, kama mzigo wa basi.

Mama ana steshenari karibu na soko, ana printa moja ya wino wa chupa nne: bluu, pinki, njano na mweusi. Baada ya msiba alitoa nakala mbili za picha nzuri kuliko zote alizokuwa nazo kwenye simu. Babu amekaa nje, kofia kichwani, anatazama mbele kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa. Printa ile ile, karatasi za pakiti moja, mchana mmoja. Mama alizikata kwa rula ili kusije kukawa na maneno kwamba wa mkubwa ni mkubwa zaidi. Baadaye simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia, na fundi aliyekuja kutoa virusi kwenye kompyuta akatoa kila kitu pamoja na virusi. Kwa hiyo Babu alibaki mahali pawili tu duniani: ukutani Kilosa na ukutani Mikumi.

Likizo ikafika, Mama akanituma Mikumi na mfuko wa mchele. Nilimkuta Bi Mdogo anamenya vitunguu vya Malolo huku anatoa machozi na kuwatukana wale nyani wa barabarani waliomwibia chapati asubuhi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko kwa mkubwa mnalishwa upepo?"

Nikataka kujibu, macho yakapanda juu ya kaunta. Babu alikuwa pale, amebanwa kwa pini, hana kioo, maana kioo chake kilivunjikia njiani siku alipopelekwa. Na alikuwa mwekundu. Hakuwa na ukijani hata wa dawa. Alikuwa mwekundu kama aliyekunywa supu yenye pilipili za watu wengine.

"Bibi, mumeo kafanya nini?"

"Muulize mama yako. Kaniprintia mume wa kuchuja. Huko kwenu naambiwa kakaa kwenye kioo, ananawiri."

"Kioo anacho," nikasema, "ila ni kijani."

Bi Mdogo akaweka kisu chini. Akacheka mpaka dereva mmoja aliyekuwa anakula wali akageuka kutazama. "Kijani! Ya Rabi, kawa mchicha!" Akajifuta machozi, ya kicheko na ya kitunguu pamoja. Halafu kicheko kikakatika.

"Macho yake yanaonekana?"

"Yanaonekana. Kwa mbali."

"Mimi siyaoni tena." Akanyoosha kidole kuelekea ukutani. Kweli, pale penye macho palikuwa na madoa mawili ya rangi ya mchuzi. "Kaburi mlichukua nyinyi, sikugomba. Kaburi ni moja, haligawiki. Mimi nikapewa picha. Sasa na picha yenyewe inaondoka."

Mimi ni mtu ambaye nina la kusema kwenye kila jambo. Nimewahi kumchekesha mtu msibani. Siku hiyo nilikula chapati.

Nilirudi Kilosa na swali ambalo lilikuwa linanizunguka kama nzi. Printa moja, wino mmoja, karatasi moja, Babu mmoja. Inakuwaje mmoja anakuwa kijani na mwingine mwekundu? Kama wino ni mbovu, si wangeharibika sawa? Bi Mkubwa nilipomsimulia akauliza, "Mwekundu wa hasira?" Nikasema sijui wekundu wake ni wa nini. Akaguna. Nilijua anachowaza, kwamba mzee kakasirika na Mikumi, kapendezwa na Kilosa. Lakini kijani nacho si rangi ya mtu aliyependezwa.

Mama alijaribu njia yake. Aliiweka fremu ya Kilosa yote kama ilivyo juu ya skana, akaipiga, akaanza kuvutavuta rangi kwenye kompyuta. Kila alipoondoa kijani, Babu alibaki wa kijivu kama samaki wa friji. Kila alipoongeza wekundu, kofia ndiyo iliyokuwa nyekundu, uso ukakataa. "Kitu hakipo," Mama akasema, "siwezi kukivuta kama hakipo." Na akaongeza kwamba hata angefanikiwa, wino ni ule ule, mwaka mwingine mzee angeondoka tena.

Basi nikalipeleka swali shuleni. Kipindi cha Kemia, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini babu yangu ni wa kijani?"

Darasa likalipuka. Mwalimu wetu wa Kemia ni dada mmoja mpole ambaye anafuta chaki kwenye sketi yake mpaka ikifika Ijumaa ana paja jeupe. Hakucheka.

"Wa kijani wapi?"

"Kilosa, Mwalimu. Mikumi ni mwekundu."

Hapo watu walilala juu ya madawati. Aliyekaa nyuma yangu akauliza kwa sauti kama Dodoma ana mistari. Mwalimu akasubiri wachoke, akaniambia nieleze vizuri. Nikaeleza picha. Akauliza wino wenyewe ni wa kuyeyuka au wa chembe. Nikasema ni wa chupa.

Akachora ubaoni. Kwa nilivyomwelewa, na sisemi nilimwelewa sana, wino wa kuyeyuka umo ndani ya maji kama sukari kwenye chai, kila molekuli peke yake. Wino wa chembe ni kama tope laini, molekuli zimeshikana bonge, za nje zinazikinga za ndani. Molekuli ya rangi ina mnyororo wa bondi, vile vifungo vya atomu, unaonyonya mwanga, na ndiyo maana tunaona rangi. Lakini mwanga ule ule, ukisaidiana na oksijeni, unaukata mnyororo. Ukikatika, molekuli ipo ila rangi haipo. Nikauliza molekuli inakuwa imeenda wapi. Akasema haijaenda, iko pale pale, haionekani tu. Hilo lilinichanganya kuliko mengine yote. Yaani Babu bado yumo kwenye karatasi, ila hatumwoni?

"Watu wa viwanda wanafanyaje, Mwalimu?"

"Wanaibadilisha molekuli yenyewe. Wanaweza kuifungia chuma katikati, shaba au nikeli, iishikilie. Wanaweza kuibandika vikundi vinavyovuta elektroni upande wao, ili hewa kali ikija isipate pa kuuma. Au wanaiunda ipende kubanana na wenzake kwenye karatasi."

"Na sisi tufanyeje?"

"Sisi tumalize zoezi la titresheni lililo ubaoni."

Nilitoka na maneno mawili kichwani: kushikilia na kubanana. Na jioni hiyo nikamkuta Bi Mkubwa nyuma ya nyumba anachemsha ukindu wa mkeka. Bibi anapochemsha ukindu hutia rangi ya pakiti, na kabla hajafunika sufuria hutupia kipande cha shabu, lile jiwe jeupe vinyozi wanalopaka kidevuni baada ya kunyoa. Nikamuuliza shabu ya nini.

"Ili rangi ishike. Bila shabu ukikaa na jasho inahamia kwenye gauni."

Mnaona nilivyofikiria? Rangi ya Babu haikushika. Shabu inashikisha rangi. Akili yangu ilijipongeza. Wanasayansi wa dunia wanahangaika na elektroni, kumbe shabu iko uani kwetu, inauzwa pamoja na udi na mdalasini.

Jumamosi Mama alienda kuswali adhuhuri, akaniachia steshenari. Nilikuwa nimeshatwanga shabu, nimeiyeyusha kwenye maji ya moto. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kisayansi, sikuitia kwenye wino wote. Nilianza na mmoja, wa pinki, ili nilinganishe. Nikamimina, nikafunga kizibo, nikaamuru printa isafishe njia zake ili wino mpya ushuke. Nikajitolea ukurasa wa majaribio. Ukatoka safi. Wa pili ukatoka na michirizi. Wa tatu ulinitia wasiwasi, nikaufutika chini ya kaunta. Ndipo akaingia mteja, mzee mmoja wa kutoka Mamboya aliyevaa koti, anataka picha za paspoti.

Nikampiga, nikaprinti. Akazishika, akazisogeza mbali na macho, akazisogeza karibu.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mimi naumwa?"

Alikuwa kijani. Nikamwambia ni taa za humu ndani. Akatoka nje kujitazama mikono juani. Akaingia dada mmoja na mtoto mchanga, mtoto akatoka kijani. Akaja kijana anataka picha ya kofia na miwani, naye akawa kijani, ila yeye alipenda. Mama aliporudi alikuta ukoo mzima wa mijusi umepangwa juu ya kaunta unakauka.

"Umetia nini humu?"

"Shabu, Mama."

"Shabu? Shabu ya ndevu?"

"Ya ukindu."

Mama alikaa kwanza. Halafu alisema mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu na yeye atasoma. Akaifungua printa, na pale kwenye mrija wa pinki tukakuta wino umegandamana vipandevipande, kama uji uliopikwa na mtu anayechati. Mchana kutwa nilikaa na bomba la sindano na maji ya uvuguvugu, nasukuma maji kwenye hedi ya printa, kile kichwa chenye matundu ya kutolea wino, tone kwa tone, huku Mama akinisomea orodha ya watoto wa wenzake wenye adabu.

Na ni pale, mikono imelowa pinki, mbele yangu zimepangwa zile paspoti zilizoharibika, ndipo nilipoona. Yule mzee wa Mamboya alikuwa kijani cha Babu. Si kijani kingine. Nikaichukua ile skani ya Babu ambayo Mama aliiprinti, nikaiweka pembeni yake. Walikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

"Mama," nikasema, "huyu hakuongezewa kijani. Huyu amekosa pinki."

"Najua amekosa pinki, umeiziba wewe!"

"Na Babu?"

Mama akaacha kufuta kaunta.

Tulimaliza kusafisha, pinki ikarudi, na badala ya kunifukuza Mama akafanya nilichomwomba. Alichukua picha ya mzee wa Mamboya kwenye kompyuta, akapunguza bluu, akaprinti. Akatoka mwekundu kama supu ya Mikumi. Tukatazamana. Babu wa Kilosa kapoteza pinki. Babu wa Mikumi kapoteza bluu. Nilijiona nina akili kupita kiasi kwa muda wa kama kunywa chai, halafu swali jingine likaingia: kwa nini kila mmoja apoteze yake?

Mwalimu nilimfuata ofisini. Nilipofika kwenye shabu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaegemea ukuta, na mgongo nao ukawa mweupe kwa chokaa. Akasema shabu imezikamata molekuli na kuzigandisha, kwa hiyo nimegeuza wino wa kuyeyuka kuwa wino wa chembe. Labda hata kufifia ungechelewa. Shida ni kwamba tundu la hedi ni jembamba kuliko unywele, na mimi nilikuwa nalilazimisha lipitishe kokoto.

"Sasa hizo picha. Ya Kilosa imekaa wapi?"

"Ina kioo, inatazamana na dirisha. Asubuhi jua linampiga usoni."

"Na ya Mikumi?"

"Haina kioo. Jua halifiki. Ila kuna malori, na jiko la mkaa."

Akatikisa kichwa taratibu. Kioo, akasema, kinazuia hewa lakini mwanga mwingi unapita, na mara nyingi mwanga huanza na pinki. Asiye na kioo anavuta hewa, na hewa ya moshi wa magari na ozoni, ile hewa kali, hupenda bluu. "Lakini mimi si mtaalamu wa wino," akaongeza, "nakisia tu." Nilimpenda kwa kukisia. Nilidhani mimi peke yangu ndiye nakisia.

Kwa hiyo pinki ya Babu ilikuwa bado iko Mikumi, na bluu yake iko Kilosa. Mtu mmoja, kagawanywa kwa wake wawili hata kwenye rangi. Mama akasema kompyuta inaweza kuzitenganisha rangi za picha kama mashuka, ukachukua shuka la huku na shuka la kule ukayatandika pamoja. Ila alitaka picha zote mbili ziwe juu ya skana yake. Za kupigwa na simu alizikataa, simu zinajitilia rangi zao wenyewe.

Nikampigia Bi Mdogo. "Haitoki hapa," akasema. "Nikiitoa mkononi mwangu sitaiona tena. Kaburi lilikwenda hivyo hivyo." Nikamfuata Bi Mkubwa. "Fremu haifunguliwi," akasema. "Picha imeshikana na kioo, ukiivuta mume anachunika." Nikauliza je, kama tukifungua polepole? "Wewe uliyeziba printa?"

Nilikaa siku kadhaa sijui pa kushika. Huku Mwalimu ameniruhusu kupaka karatasi maji ya shabu, nyingine maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya maabara, niprinti sura yangu na kuibandika dirishani nusu ikiwa imefunikwa kwa boksi. Majibu yake yalinichanganya zaidi. Ya shabu ilikataa maji, ukiinyunyizia haichuruziki, lakini jua lilinila kama kawaida. Ya mrututu pinki ilidumu kidogo, au nilitaka kuona imedumu, ila ilinitoa na sura ya mtu aliyezama mtoni. Nikazipeleka kwa Bi Mkubwa nimchekeshe. Akazitazama zote.

"Wewe una picha zako nyingi hivi, halafu unataka na ya kwangu."

Na pale mdomo ukatangulia akili, kama kawaida yake.

"Za kwangu ninazo. Ya mume wangu sina. Mkubwa anayo, mdogo anayo. Mimi mke wa tatu nimeachiwa nini? Mmenidhulumu. Namdai mume wangu."

Bibi angeweza kukataa maombi ya mjukuu na ya mwanawe, lakini kwenye utani huwezi kukataa bila kujibu, na jibu hakuwa nalo. Mke ni mke. Akasema, "Mshenzi wewe," kwa sauti ya mtu aliyefungwa goli.

Nikapiga simu Mikumi hapo hapo, nikarudia malalamiko yale yale kwa kilio cha uongo. Halafu nikasikia Bi Mdogo anamwambia mtu wa jikoni, "Ati mke wa tatu anadai haki." Akarudi kwenye simu. "Nakuja nayo mwenyewe. Haiondoki mikononi mwangu."

Alikuja. Bi Mkubwa alikuwa ameshakaa kwenye benchi la steshenari, fremu mapajani. Bi Mdogo akasimama mlangoni, picha kaifunga kwenye kanga kama mtoto, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Mama alijifanya anapanga bahasha.

"Shikamoo dada," Bi Mdogo akasema.

Printa ilikuwa inatoa mitihani ya shule ya msingi. Ilimaliza ukurasa, ikaanza mwingine.

"Marahaba," Bi Mkubwa akajibu. Akasogea kwenye benchi. "Kaa. Umelamba vumbi lote la barabara ya Zombo."

Fremu ilifunguliwa na Mama kwa wembe na subira ambayo kwangu huwa hana. Kipande cha kofia kilibaki kwenye kioo. Bi Mkubwa akavuta pumzi, lakini Bi Mdogo akafunua kanga yake: "Kofia ninayo mimi, dada, nzima." Picha zikalala juu ya skana, moja baada ya nyingine. Mama akachukua bluu ya Kilosa na pinki ya Mikumi, akazitandika. Masikio hayakukubali kukaa pamoja, kwa kuwa ya Mikumi ilikuwa imejikunja kwa mvuke, na kwa muda Babu alikuwa na masikio manne.

"Anatusikiliza wote," nikasema.

"Nyamaza, mke wa tatu," wakasema kwa pamoja.

Mama akavuta, akasogeza, akavuta. Na uso ukaja. Haukuja mara moja, ulikuja kama mtu anayetembea kutoka kwenye moshi. Kahawia ile. Mashavu yale. Shati ndilo lililoleta vita: Bi Mkubwa akasema lilikuwa la kaki, yeye ndiye aliyekuwa akilifua, Bi Mdogo akasema la kijivu, yeye ndiye aliyelinunua, kwenye kompyuta lilikuwa rangi ya mtori, na kila mmoja akaona Mama kampendelea mwenzake. Lakini macho yalikuwepo. Mawili, yanatazama mbele. Bi Mdogo alinyoosha kidole karibu na kioo cha kompyuta bila kukigusa.

"Hayo," akasema.

Zilitoka nakala tatu. Mbili zikapata kioo na ukanda wa kadibodi katikati ili picha isishikane nacho. Bi Mdogo wa kwake kamhamishia chumbani, mbali na malori. Bi Mkubwa anamfunika Babu kwa kanga tangu alfajiri na kumfunua wakiingia wageni, kwa hiyo sasa babu yangu anakaa sebuleni amejitanda kama bi harusi. Ya tatu ni yangu. Niliomba iprintiwe kwenye karatasi ya mrututu, nikaibandika dirishani kwenye maabara ya shule, nusu ya uso imefunikwa na boksi. Wake wenzangu waliposikia walinitukana wote wawili. Lakini mke wa tatu si lazima awe na akili.

Juzi asubuhi nilikuwa sebuleni, simu ikaita, Bi Mdogo. Nikaweka spika.

"Mke mwenzangu, macho ya kwako bado yapo?"

"Moja lipo, Bibi. Jingine liko chini ya boksi, sijalifunua."

"Hilo la nje lina rangi gani?"

Niliwaza. Nilikuwa nimelitazama jana yake, na siwezi kusema kama limebadilika, au mrututu ndivyo ulivyo, au ni mimi niliyelitazama mno.

"Kahawia, nadhani."

"Ndivyo yalivyokuwa. Kahawia."

"Kahawia wapi!" Bi Mkubwa akapaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba, bila kusimama kwenye mkeka wake. "Meusi! Mume mwenyewe unamjua?"

"Shikamoo dada. Yalikuwa kahawia, dada, hasa jioni."

"Marahaba. Jioni ulikuwa unamwona kwa kibatari wewe!"

Niliiweka simu kwenye mkeka katikati ya ukindu, nikaondoka kwenda kuchota maji. Niliporudi walikuwa bado hawajakubaliana, na Bi Mkubwa alikuwa ameshaiondoa kanga kwenye picha ayatazame macho, dirisha liko wazi, jua linaingia.